Hesabu za Kompyuta na Timu za Jumuiya Ndogo

Kupanga watu kwa ubora ni kazi nyepesi iwapo wote wamepimwa kwa mizani moja. Wanafunzi arobaini waliofanya mtihani mmoja wa hisabati huweza kupangwa kwa dakika chache, wa kwanza hadi wa mwisho, bila ubishi. Kazi hiyo hugeuka kuwa fumbo iwapo kila mwanafunzi amefanya mtihani wake mwenyewe, uliotungwa na mwalimu wake mwenyewe, na mitihani hiyo haikulingana kwa ugumu. Je, aliyepata alama 100 katika mtihani mwepesi anamzidi aliyepata 80 katika mtihani mgumu? Na ni nani atakayeamua kwamba mtihani huu ulikuwa mwepesi na ule mgumu?

Fumbo hili limewashughulisha wanahisabati wa Marekani kwa miaka mingi, na chanzo chake ni uwanja wa michezo. Vyuo vikuu vya nchi hiyo hushindana katika mchezo ambao Wamarekani huuita futiboli. Mchezo huo si kandanda tuijuayo. Huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, ambao aghalabu hubebwa na kurushwa kwa mikono. Mamilioni ya dola, sifa ya vyuo na matumaini ya vijana wengi hutegemea swali moja: timu ipi ni bora? Kwa miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, sehemu ya jibu la swali hilo ilikabidhiwa kompyuta.

RATIBA ISIYOTOSHA

Futiboli ya Marekani ni mchezo wa nguvu, na wachezaji huumia mara kwa mara. Kwa hiyo timu hucheza takriban mara moja kwa juma, na msimu wa kawaida wa chuo huwa na mapambano 12 tu. Tuchukue kwamba katika daraja la juu kuna timu 120, kama ilivyokuwa karibu na mwaka 2010. Ili kila timu ikutane na kila nyingine mara moja, yangehitajika mapambano 7,140. Lakini timu 120 zikicheza mara 12 kila moja, mapambano hayazidi 720. Maana yake ni kwamba katika kila jozi kumi za timu, tisa hazikutani kabisa.

Hata hayo machache hayakutawanywa sawasawa. Vyuo vimejikusanya katika jumuiya, na kila timu hucheza karibu mapambano manane au tisa dhidi ya wenzake wa jumuiya moja. Zipo jumuiya kubwa, mathalani SEC na Big Ten, na zipo ndogo, mathalani Mountain West, Mid-American na Sun Belt. Udogo unaozungumziwa hapa hautokani na idadi ya wanafunzi. Chuo Kikuu cha Central Florida kina wanafunzi zaidi ya 60,000, na bado kilihesabiwa miongoni mwa wadogo mwaka 2017. Udogo huo ni wa fedha, wa jina, na wa nafasi katika televisheni.

Kwa hiyo ulimwengu wa mchezo huu unafanana na visiwa vingi vilivyounganishwa kwa madaraja machache. Ndani ya kisiwa kimoja wakazi hujuana vema, kwa kuwa hupambana kila mwaka. Baina ya kisiwa na kisiwa, habari hupita darajani tu, na madaraja yenyewe ni mapambano matatu au manne ya kila timu mwanzoni mwa msimu.

KUTOKA KURA HADI KOMPYUTA

Majaribio ya kupanga timu kwa hesabu yalianza kabla ya kompyuta. Katika mwaka 1926 Frank Dickinson, profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Illinois, alianza kutumia kanuni yake ya kugawa pointi kulingana na nguvu ya mpinzani. Miaka kumi baadaye, yaani 1936, shirika la habari la Associated Press lilianzisha kura ya waandishi wa michezo. Tangu hapo kura na hesabu zimekuwa zikienda sambamba, na mara nyingine zikipingana.

Mwaka 1984 ulitoa mfano maarufu. Timu ya Brigham Young, kutoka jumuiya ndogo ya magharibi, ilishinda mapambano yake yote 13. La mwisho lilikuwa dhidi ya Michigan, kwa pointi 24 kwa 17, ingawa Michigan ya mwaka huo ilikwisha kushindwa mara tano. Waandishi na makocha waliipa Brigham Young ubingwa wa taifa. Lakini baadhi ya hesabu za kompyuta, ikiwemo ile ya gazeti la New York Times, ziliiweka juu timu ya Florida, ambayo ilikuwa imeshindwa mara moja na kutoka sare mara moja. Hapo watu walimpendelea mdogo asiyeshindwa, nayo mashine ikamtazama mpinzani wake na kutikisa kichwa.

Mfumo uliojulikana kwa kifupi kama BCS ulianza 1998 kwa nia ya kukutanisha timu mbili bora mwishoni mwa msimu. Tangu msimu wa 2004, orodha yake ilitokana na sehemu tatu zilizo sawa: theluthi mbili zilikuwa kura za watu, na theluthi moja ilikuwa wastani wa kompyuta. Wataalamu sita walileta hesabu zao. Kwa kila timu, daraja la juu kabisa na la chini kabisa yaliondolewa, na manne yaliyobaki yakapatiwa wastani. Mabingwa wa jumuiya sita kubwa walikuwa na nafasi zao katika mapambano makuu ya mwisho hata kama hawakupanda juu katika orodha. Bingwa wa jumuiya ndogo hakuwa na haki hiyo. Ilimpasa kupanda hadi nafasi ya 6, na kuanzia msimu wa 2006 hadi ya 12, au hadi ya 16 iwapo amempita bingwa wa mojawapo ya jumuiya kubwa. Kwake yeye, tarakimu za kompyuta zilikuwa ndilo lango lenyewe.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Miongoni mwa hesabu sita za BCS, ile ya Wesley Colley, mtaalamu wa elimu ya nyota, ilichapishwa yote hadharani, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata. Msingi wake ni kanuni ya Mfaransa Pierre-Simon Laplace (1749–1827). Timu ambayo haijacheza hupewa kadirio la nusu, yaani 0.5, kwa kuwa hakuna linalojulikana juu yake. Kila pambano huongeza habari. Thamani ya ushindi ni kadirio la mpinzani pamoja na nusu. Thamani ya kushindwa ni kadirio la mpinzani toa nusu. Jumlisha thamani hizo zote, ongeza 1, kisha gawanya kwa idadi ya mapambano iliyoongezwa 2. Jibu ndilo kadirio la timu.

Ugumu ni mmoja: kadirio la kila timu linategemea makadirio ya wapinzani wake, nayo yanategemea ya wapinzani wao, na kuendelea. Haiwezekani kumaliza moja kabla ya jingine. Ni lazima milinganyo yote itatuliwe kwa pamoja. Kwa timu 120 kuna milinganyo 120 yenye herufi 120 zisizojulikana. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta. Mashine haina maoni. Hutatua milinganyo tu.

Tuchukue mfano mdogo. Kuna jumuiya mbili zenye timu tatu kila moja: A1, A2, A3 na B1, B2, B3. Katika kila jumuiya timu zimekutana zote. Ya kwanza imeshinda mara mbili, ya pili imeshinda moja na kushindwa moja, ya tatu imeshindwa mara mbili. Milinganyo ikitatuliwa, makadirio ya jumuiya zote mbili huwa sawa: 0.7, 0.5 na 0.3. Kompyuta haiwezi kusema ipi ni jumuiya yenye nguvu, kwa sababu hakuna daraja hata moja baina yao.

Sasa lijengwe daraja moja. A3, timu ya mwisho katika jumuiya yake, inakutana na B2, ya kati katika jumuiya yake, na A3 inashinda. Milinganyo ikitatuliwa upya, majibu ni haya: A1 ina 0.744, A2 ina 0.544, A3 ina 0.431, B1 ina 0.656, B2 ina 0.369, B3 ina 0.256. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha. B1 iliwashinda B2 na B3, basi thamani zake ni 0.869 na 0.756, ukijumlisha na kuongeza 1 unapata 2.625, na ukigawanya kwa 4 unapata 0.656.

Tutazame kilichotokea. B1 haijashindwa na timu yoyote. Siku hiyo haikuingia uwanjani kabisa. Hata hivyo imeshuka kutoka 0.700 hadi 0.656, ilhali A1, ambayo nayo haikucheza, imepanda hadi 0.744. Hakuna upendeleo uliofanyika. Ndugu wa B1 aliteleza darajani, na jumuiya nzima ikateremka pamoja naye.

USHINDI UNAOSHUSHA

Kanuni hiyo hiyo ina tokeo jingine linaloshangaza. Kwa kuwa thamani ya ushindi ni kadirio la mpinzani pamoja na nusu, kumshinda mpinzani mwenye 0.2 kuna thamani ya 0.7 tu. Timu iliyokwisha kufikia 0.9 ikimshinda mpinzani huyo, wastani wake hushuka. Imeshinda, na imepoteza.

Tufikiri timu mbili za kubuni. Ya kwanza inatoka jumuiya dhaifu; wapinzani wake 12 wana wastani wa 0.3, nayo imewashinda wote. Kadirio lake ni 1 jumlisha mara 12 ya 0.8, yaani 10.6, gawanya kwa 14: jibu ni 0.757. Ya pili inatoka jumuiya yenye nguvu. Wapinzani wake wana wastani wa 0.6, nayo imeshinda mara 10 na kushindwa mara 2. Kadirio lake ni 12.2 gawanya kwa 14, yaani 0.871. Hata ingeshindwa mara tatu ingepata 0.800, na bado ingekuwa juu ya ile isiyoshindwa kamwe. Ingebidi ishindwe mara nne ndipo ishuke hadi 0.729 na kupitwa.

Kocha wa jumuiya ndogo akiulizwa dawa ya hali hii, atasema: nitafute wapinzani wenye nguvu. Lakini wapinzani hao hawana sababu ya kukubali. Timu kubwa ikimshinda mdogo haipati sifa, na ikishindwa inaaibika. Aghalabu hukubali kucheza katika uwanja wake yenyewe tu, na humlipa mgeni fedha kwa kuja. Hivyo madaraja hubaki machache, na mengi huelekea upande mmoja.

Kwa timu kama hiyo, njia iliyosalia ya kuonyesha nguvu ni tofauti ya pointi. Kushinda 49 kwa 0 si sawa na kushinda 21 kwa 20. Zipo hesabu zinazotumia tofauti hiyo. Mojawapo ni ya Kenneth Massey, aliyeieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1997 akiwa mwanafunzi wa hisabati katika Chuo cha Bluefield. Humo, tofauti ya makadirio ya timu mbili hulinganishwa na tofauti ya pointi walizofunga, na majibu huchaguliwa ili jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kuliko zote. Lakini kuanzia 2002 viongozi wa BCS waliwakataza wataalamu kutumia tofauti ya pointi. Hoja yao ilikuwa ya haki: wasingetaka timu imdhalilishe mpinzani dhaifu kwa ajili ya kuipendeza kompyuta. Hata hivyo habari yenye manufaa ilitupwa. Mtaalamu wa takwimu Hal Stern aliandika mwaka 2006 akiwataka wenzake wajitenge na BCS, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba kompyuta zilifungwa mikono kisha zikalaumiwa.

PAMBANO MOJA LILILOSAHAULIKA

Wepesi wa orodha hizi kutikisika ulionekana Desemba 2010. Katika orodha ya mwisho ya BCS, Louisiana State ilikuwa ya 10 na Boise State, timu ya jumuiya ndogo, ilikuwa ya 11. Mtu aliyerudia hesabu ya Colley kwa mkono wake aligundua kwamba matokeo ya pambano moja hayakuingizwa. Pambano hilo lilikuwa baina ya Western Illinois na Appalachian State, timu mbili za daraja la chini zisizohusiana kwa karibu na Boise State. Lilipoingizwa, Boise State ikawa ya 10 na Louisiana State ya 11.

Safari hiyo badiliko halikumpokonya mtu nafasi katika mapambano makuu. Lakini funzo lake ni kubwa. Kosa liligunduliwa kwa sababu Colley aliiweka hesabu yake wazi. Baadhi ya wenzake hawakuzitoa hadharani kanuni zao zote, na hesabu isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haiwezi kusahihishwa na mtu mwingine.

UWANJA ULISEMA NINI

Sayansi hupima nadharia kwa majaribio. Je, timu ndogo zilipopewa nafasi, zilionekana kustahili? Ya kwanza kupenya ilikuwa Utah, iliyoishinda Pittsburgh 35 kwa 7 tarehe 1 Januari 2005. Boise State iliishinda Oklahoma 43 kwa 42 tarehe 1 Januari 2007, baada ya muda wa nyongeza. Hawaii ilishindwa vibaya na Georgia, 41 kwa 10, mwanzoni mwa 2008. Utah ilirudi na kuishinda Alabama 31 kwa 17 tarehe 2 Januari 2009. Mwaka 2010 Boise State na TCU, zote mbili bila kushindwa, zilikutanishwa zenyewe kwa zenyewe, na daraja lililokuwa likisubiriwa halikujengwa. TCU iliishinda Wisconsin 21 kwa 19 tarehe 1 Januari 2011, na Northern Illinois ikashindwa na Florida State 31 kwa 10 tarehe 1 Januari 2013.

Kati ya mapambano sita dhidi ya timu za jumuiya kubwa, wadogo walishinda manne. Idadi hiyo ni ndogo, na mwanafunzi wa takwimu hatajenga nyumba juu ya mapambano sita. Lakini inatosha kukanusha dai kwamba hawakustahili kualikwa. Hata hivyo, katika miaka yote 16 ya BCS, hakuna timu ya jumuiya ndogo iliyopata kucheza pambano la ubingwa.

Tangu msimu wa 2014 kompyuta za BCS ziliondolewa, na uchaguzi ukapewa kamati ya watu 13. Wengi walidhani macho ya watu yangekuwa na huruma zaidi. Mwaka 2017 Central Florida ilimaliza msimu wa kawaida bila kushindwa, na kamati ikaiweka ya 12. Tarehe 1 Januari 2018 iliishinda Auburn 34 kwa 27. Auburn hiyo hiyo, mwezi Novemba, ilikuwa imezishinda Georgia na Alabama, timu mbili zilizokutana baadaye kugombea ubingwa. Alabama ndiyo iliyopewa taji. Lakini hesabu ya Colley ilipokamilika, iliiweka Central Florida ya kwanza nchini. Kanuni ile ile ambayo humshusha bingwa wa jumuiya dhaifu ilimpandisha yeye juu ya wote, kwa kuwa safari hii daraja lilikuwapo, nalo lilikuwa imara.

Baadaye milango ilifunguka kidogo. Cincinnati ilikuwa timu ya kwanza ya jumuiya ndogo kuingia katika nne bora, ikashindwa na Alabama 27 kwa 6 tarehe 31 Desemba 2021. Msimu wa 2024 nafasi zilipoongezwa kuwa 12, kanuni iliwawekea nafasi mabingwa watano wa jumuiya waliopangwa juu kuliko wengine, na Boise State ikaingia. Ilishindwa na Penn State 31 kwa 14, lakini ilishindwa uwanjani.

FUNZO KWA WENGINE

Jambo hili haliwahusu Wamarekani peke yao. Kuanzia 2006 hadi 2018, Shirikisho la Kandanda la Kimataifa, FIFA, lilipanga timu za taifa kwa kanuni iliyozidisha pointi za kila pambano kwa kipimo cha nguvu ya bara. Baada ya Kombe la Dunia la 2014, kipimo cha Amerika ya Kusini kilikuwa 1.00, cha Ulaya 0.99, na cha Afrika 0.85. Tanzania au Kenya ikiishinda jirani yake ilipoteza pointi 15 katika kila 100 kwa sababu ya bara lake tu. Tangu Agosti 2018 FIFA imetumia hesabu inayotokana na ile ya Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyeibuni kwa ajili ya mchezo wa sataranji, na kipimo cha bara kimeondolewa. Lakini tatizo la visiwa halijaondoka. Timu za bara moja zikichezeana zenyewe tu, kwa sehemu kubwa hugawana pointi zile zile, na mpya huingia kwa kupitia madaraja.

Kwa hiyo swali kwamba kompyuta ni mwadilifu au ni dhalimu haliulizwi vema. Kompyuta haijui jina la chuo, wala haioni rangi ya jezi. Lakini haijui pia pambano ambalo halikuchezwa. Mahali penye habari chache, hujaza pengo kwa dhana aliyowekewa na mtu, na dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake timu sita za shule za wilaya na matokeo yao, awaachie watatue milinganyo, kisha afute pambano moja na kuwaambia warudie. Wataona wenyewe jinsi orodha inavyogeuka. Na aliyeliona jambo hilo mara moja, kila aonapo orodha ya walio bora, iwe ya timu, ya shule au ya mataifa, atauliza kwanza: hawa walikutana wapi?